KISIMA CHA SADAKA CHA CHICHEN ITZA

Wahenga walisema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii twaitumia sana tunapochangiana arusini au msibani, tukimtuliza yule ambaye mchango wake ni mdogo. Lakini maana yake yafika mbali zaidi ya hapo. Yatufundisha kuwa ukitaka kuujua moyo wa mtu, au wa taifa zima, usitazame tu kile alichokilimbikiza ghalani. Tazama pia kile alichokubali kuachana nacho.

Katika nchi ya Meksiko, kwenye rasi ya Yucatan, kiko kisima kimoja ambamo kwa muda wa miaka kama 700 watu walikwenda kuachana na vitu walivyovithamini. Hawakuvificha humo kama mtu afichavyo hazina yake kwa nia ya kuirudia. Walivitupa majini mbele ya macho ya watu, navyo vikazama, wakarudi makwao mikono mitupu. Watu hao ni Wamaya, na kisima hicho ni Kisima Kitakatifu cha mji wa Chichen Itza.

Habari za kisima hiki zimesimuliwa mara nyingi duniani, na mara nyingi zimesimuliwa vibaya. Yasemekana kwamba kila ulipotokea ukame, makuhani walimchukua mwanamwali mzuri kupita wote, wakampamba kwa dhahabu na kumtosa majini. Hadithi hiyo imeuza vitabu vingi. Lakini vitu vyenyewe vilivyotolewa topeni, na mifupa iliyokuwa pamoja navyo, vinasema jambo jingine. Katika makala haya tutaviacha vitu hivyo viseme.

NCHI ISIYO NA MITO

Kwanza yafaa tuijue nchi yenyewe. Kaskazini ya Yucatan ni tambarare ya miamba ya chokaa, nayo haina mito juu ya ardhi. Mvua inyeshapo, maji hunywea upesi katika mwamba na kwenda kupita chini kwa chini. Mahali pengine paa la mwamba limebomoka, likaacha shimo kubwa lenye maji. Wahispania walilichukua jina la Kimaya la mashimo hayo na kulitamka kwa namna yao, nasi kwa matamshi yetu twaweza kuyaita senote.

Kwa watu wa nchi kama hiyo, senote ilikuwa uhai. Hata jina la Chichen Itza maana yake ni kinywa cha kisima cha Waitza. Mji huo ulistawi sana baina ya mwaka 800 na 1100 hivi, na hapo ndipo lilipojengwa piramidi maarufu la mawe ambalo Wahispania waliliita El Castillo, yaani ngome, lenye kimo cha mita 30 pamoja na hekalu lililo juu yake. Senote moja ya mji huo, iitwayo Xtoloc, ilitumiwa kwa maji ya kunywa na ya kupikia. Nyingine iliwekwa kando kwa ajili ya ibada. Barabara ya mawe yenye urefu wa karibu mita 300 yatoka katika uwanja mkuu na kwenda moja kwa moja hadi ukingoni mwake.

Kisima hicho cha ibada ni kipana, karibu mita 60 kutoka ukingo hadi ukingo. Kuta zake zimesimama wima, na kutoka juu hadi kwenye uso wa maji ni zaidi ya mita 20. Maji yake ni ya kijani na hayaoneshi kilichomo. Kwa imani ya Wamaya, mashimo na mapango ya namna hiyo yalikuwa milango ya kuingilia makazi ya Chaak, mungu wao wa mvua. Mkulima aliyeona mahindi yake yakinyauka alijua mlango wa kubisha hodi.

Hapa tukumbuke jambo moja. Mahindi tusagayo leo kwa ugali, au posho kama wengine waitavyo, asili yake ni nchi hiyo hiyo ya Meksiko, ambako watu waliyatoa katika nyasi za mwituni miaka kama 9,000 iliyopita. Yalifika Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao za baharini. Wamaya waliamini hata kwamba mwanadamu wa kwanza aliumbwa kwa unga wa mahindi. Kwa hiyo mvua ikikosekana, kilichokuwa hatarini si chakula tu, bali ni mwili na damu ya watu.

SHAHIDI ALIYECHOMA VITABU

Habari za kwanza za kisima hiki zilizoandikwa kwa urefu zatoka kwa Diego de Landa, padri Mhispania aliyekuja baadaye kuwa askofu wa Yucatan. Yapata mwaka 1566 aliandika kitabu juu ya mambo ya nchi hiyo. Alieleza kwamba Wamaya walikuwa na desturi ya kuwatosa watu wazima hai katika kisima hicho wakati wa ukame, na kwamba waliamini watu hao hawafi, ingawa hawakuonekana tena. Alisema pia kuwa walitupa mawe ya thamani na vitu vingi walivyovipenda, na kwamba watu walikwenda huko kuhiji kama vile Wakristo waendavyo Yerusalemu na Roma.

Landa ni shahidi wa namna ya pekee. Tarehe 12 Julai 1562, katika mji wa Maní, yeye mwenyewe aliamuru vichomwe vitabu vya Wamaya pamoja na masanamu yao, akisema vimejaa uongo wa shetani. Vitabu vya Kimaya vilivyosalia duniani leo havizidi vinne. Basi mtu aliyetuachia maelezo mengi kuliko wote ndiye aliyeharibu maelezo ambayo Wamaya wenyewe walikuwa wameyaandika. Ndiyo maana vitu vilivyolala topeni vina thamani kubwa: hakuna aliyeweza kuvichoma.

NDOO YA CHUMA KISIMANI

Mwaka 1885 Mmarekani mmoja, Edward H. Thompson, alifika Yucatan akiwa konseli wa nchi yake. Alikuwa amesoma maneno ya Landa, akayaamini. Mwaka 1894 alinunua shamba kubwa ambalo ndani yake yalikuwamo magofu ya Chichen Itza, na pamoja na magofu, kisima.

Kazi ilianza mwaka 1904. Kwa msaada wa fedha za matajiri wa Marekani na ushirikiano wa Jumba la Makumbusho la Peabody la Chuo Kikuu cha Harvard, Thompson alileta mtambo wa kreni wenye ndoo ya chuma yenye meno. Ili ajue pa kuchimba, alikata magogo yenye uzito wa mtu, akayarusha kutoka ukingoni na kutazama yalipoangukia.

Kwa siku nyingi ndoo ilishuka na kupanda ikileta tope jeusi, majani yaliyooza na mifupa ya wanyama walioanguka. Hata siku moja yakaonekana katika tope mabonge mawili ya rangi ya manjano hafifu. Thompson aliyatia kwenye makaa ya moto, na papo hapo ikapanda harufu ya ubani. Hapo ndipo alipojua kwamba Landa hakusema uongo.

Baadaye, mwaka 1909, alijifunza kupiga mbizi, akavaa vazi la mzamiaji lenye kofia ya shaba, akashuka mwenyewe pamoja na wazamiaji wa Kigiriki. Chini palikuwa na giza tupu. Walipapasa kwa vidole katika nyufa za mwamba. Kazi hiyo ilimharibu masikio maisha yake yote.

VITU VILIVYOTOKA TOPENI

Kitu kilichotoka kwa wingi zaidi hakikuwa dhahabu. Kilikuwa yale mabonge ya ubani, ambayo kwa lugha za Ulaya huitwa kopali, na Kiswahili kina jina lake la tangu zamani: sandarusi. Neno kopali lenyewe latoka katika lugha ya Nahuatli ya Meksiko. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Kimarekani waliokuwa wakinunua sandarusi ya pwani yetu kutoka Unguja na kuipeleka Salem, katika jimbo la Massachusetts, waliiita kwa jina hilo hilo la Kimeksiko, ingawa miti yake si ile ile. Sandarusi ya Wamaya iliwekwa katika bakuli za udongo au kufinyangwa mabonge, na mara nyingi ilichanganywa na utomvu wa mpira ili iwake vizuri na kutoa moshi mzito mweusi, mithili ya wingu la mvua.

Kisha yalikuja mawe ya jade, jiwe gumu la kijani ambalo Wamaya walilithamini kuliko dhahabu, kwa maana rangi yake ni ya maji na ya jani changa la mhindi. Jade hiyo yatoka katika bonde la mto Motagua, nchini Guatemala, mamia ya kilomita kutoka Chichen Itza. Dhahabu nayo haipatikani Yucatan. Ilitoka Panama na Kosta Rika, na nyingine huenda ilitoka hata mbali zaidi kusini. Kutoka Panama hadi Chichen Itza ni zaidi ya kilomita 1,500. Wamaya hawakuwa na punda wala farasi. Kila kilichofika kilibebwa mgongoni mwa mtu au katika mtumbwi.

Wasomaji wetu walio jeshini watavutiwa na mabamba ya dhahabu ya duara. Yamefuliwa kwa ustadi kutoka nyuma, mpaka picha zikajitokeza mbele, na nyingi ya picha hizo ni za vita. Waonekana wapiganaji wakiwa na ngao na mikuki, maadui wakikimbia, mateka, na hata mapigano ya mitumbwi majini. Silaha yao kubwa ilikuwa kijiti cha kurushia mkuki, chenye ndoano mwishoni, kinachouongeza mkono urefu na kuufanya mkuki uende mbali na kwa nguvu zaidi. Vijiti vyenyewe vya namna hiyo, vilivyochongwa kwa mti, vilitolewa kisimani. Juu ya nchi kavu ya joto vingalioza zamani sana, lakini tope lisilo na hewa liliwahifadhia Wamaya vitu vyao.

Kwa sababu hiyo hiyo vilisalia vitu vya nyumbani ambavyo ni nadra kuonekana katika magofu: vipande vya nguo za pamba zenye mifumo mbalimbali, vikapu, vibao, masanamu madogo ya mti, na vyombo vya udongo. Zilikuwamo njuga za shaba kwa wingi, zile zifungwazo miguuni wakati wa ngoma. Nyingi zilikuwa zimepondwa, na vigololo vyake vimetolewa, zisilie tena.

KWA NINI VILIVUNJWA

Jambo hilo la njuga liliwashangaza wataalamu. Si njuga peke yake. Jade nyingi zilikuwa zimepasuka vipande vipande, na ilionekana dhahiri kwamba zilitiwa motoni kwanza, kisha zikapigwa au kutoswa majini zikiwa za moto. Mabamba ya dhahabu yalikunjwa na kuchanwa. Vijiti vya mikuki vilivunjwa.

Maelezo yaliyokubaliwa na wengi ni kwamba kwa Wamaya kitu nacho kilikuwa na uhai. Njuga yenye sauti i hai. Kikombe kinachoshika maji ki hai. Kukipeleka kwa mungu ilikuwa lazima kife kwanza, kama vile mnyama wa tambiko. Tena kitu kilichovunjwa hakimvuti mwizi. Aliyekivunja hakubakiza njia ya kughairi.

Kazi ya kuziunganisha tena jade hizo ilifanywa na mwanamke mmoja, Tatiana Proskouriakoff, aliyezaliwa Urusi na kuhamia Marekani akiwa mtoto. Kwa miaka mingi alikaa mbele ya maelfu ya vipande vilivyoungua, akitafuta kipi kinaingiana na kipi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1974. Miongoni mwa vitu alivyovichunguza ni kichwa kidogo cha jade chenye maandishi, na maandishi hayo yaonesha kuwa kilitengenezwa Piedras Negras, mji wa Wamaya ulioko Guatemala ya leo, mwanzoni mwa karne ya 8. Basi kabla ya kutoswa, huenda kilikuwa kimerithiwa kwa vizazi kadhaa. Fikiri juu ya mtu anayeutia motoni urithi wa babu zake ili mvua inyeshe juu ya mashamba ya watu wote.

Kuna jambo jingine lenye kufundisha. Sadaka za karne za kwanza zilikuwa za kifahari, maana mji ulikuwa na nguvu. Baadaye Chichen Itza ulidhoofika, na wakubwa wakahama. Lakini hija haikukoma. Katika karne za mwisho kabla ya Wahispania, watu waliendelea kuja na bakuli za udongo zenye sandarusi, njuga za shaba na masanamu ya mti. Dhahabu ilikuwa imepungua, ila njia ya kwenda kisimani haikuota nyasi.

RANGI YA MVUA

Chini ya kisima Thompson alikuta tabaka la tope la rangi ya buluu, lenye unene wa zaidi ya mita 4. Kwa muda mrefu jambo hilo halikueleweka vizuri. Wamaya walikuwa na rangi ya buluu mashuhuri isiyochujuka kwa jua, kwa mvua wala kwa miaka, nao waliipaka vitu vya sadaka na hata watu waliotolewa.

Mwaka 2008 Dean Arnold na wenzake walitangaza matokeo ya kuchunguza bakuli moja lililotolewa kisimani, ambalo sasa limo katika Jumba la Makumbusho la Field, mjini Chicago. Ndani ya sandarusi iliyokuwamo walikuta nili na udongo mweupe wa aina ya pekee, vitu viwili ambavyo vikichanganywa na kupashwa moto polepole ndivyo vitoavyo rangi ile. Ikaonekana kwamba huenda buluu hiyo ilitengenezwa pale pale ukingoni, ubani ukifukizwa, ikawa sehemu ya ibada yenyewe. Nili yatoka katika majani, nayo ni dawa. Udongo mweupe nao ni dawa. Sandarusi ni dawa. Watu walimpa Chaak vitu vitatu vya kuponya, vikiwa na rangi ya mbingu yake. Na tabaka lile la tope ni rangi iliyochuruzika kutoka katika sadaka za karne nyingi.

WANAWALI AU WATOTO?

Sasa tuje kwenye jambo zito. Ni kweli kwamba watu walitoswa katika kisima hiki, wala hatutalipamba neno hilo. Mifupa iliyotolewa na Thompson ilichunguzwa na Earnest Hooton wa Harvard, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1940. Hakukuta kundi la wanawali. Alikuta wanaume, wanawake, na watoto wengi wadogo. Baadhi ya watu wazima walikuwa na alama za majeraha ya zamani yaliyokwisha kupona, jambo linalofanya wengine wafikiri kuwa walikuwa mateka wa vita au watumwa.

Habari mpya zaidi zilitoka mwaka 2024. Hizo hazihusu kisima chenyewe, bali birika la chini ya ardhi lililogunduliwa mwaka 1967 karibu nacho, ambamo mlikuwa na mifupa ya watoto zaidi ya 100. Rodrigo Barquera na wenzake walipima vinasaba vya watoto 64 kati ya hao. Wote 64 walikuwa wavulana. Wengi walikuwa na umri wa miaka 3 hadi 6. Karibu robo yao walikuwa na ndugu wa karibu mle mle birikani, na walikuwamo mapacha wa kufanana, jozi mbili. Katika masimulizi ya Wamaya, mapacha wawili mashujaa walishuka kuzimuni na kuwashinda wafalme wa mauti. Yaelekea watoto hao walichaguliwa kwa kukumbuka hadithi hiyo.

Kila mzazi asomaye hapa ataguswa, na ni haki yake. Lakini angalia tofauti baina ya hadithi na kweli. Hadithi ya mwanamwali aliyepambwa ni ya kumstarehesha msikilizaji wa mbali. Kweli ni kwamba mji wenye wajenzi, wanajimu na wahasibu hodari, ukiogopa njaa, ulitoa watoto kutoka familia ambazo twaweza hata kuzitambua udugu wao. Watu wale hawakuwa mashetani wa kwenye vitabu. Walikuwa watu wenye hofu, na hofu ya njaa yaweza kumfikisha mwanadamu mahali ambapo mwenyewe hangependa kufika.

Tena watafiti hao walilinganisha vinasaba vya watoto hao na vya wakazi wa Tixcacaltuyub, kijiji cha Wamaya wa leo katika Yucatan, nao wakaona kuwa wana asili moja. Wamaya hawakutoweka, kama ilivyozoeleka kusemwa. Mamilioni yao wako Meksiko, Guatemala na nchi jirani, wakisema lugha zao.

HIJA ILIYOLETA VITA

Kisima hiki kiliwahi pia kuwa chanzo cha maafa ya kisiasa. Mwaka 1536 nchi ilipatwa na ukame. Mtawala wa ukoo wa Xiu, kutoka Maní, aliazimu kwenda Chichen Itza pamoja na wakuu wenzake kutoa sadaka. Njia ilipita katika nchi ya ukoo wa Cocom, maadui zao wa tangu zamani. Waliomba ruhusa, wakapewa, wakapokewa kwa karamu mahali paitwapo Otzmal. Karamu ilipofikia ukingoni, wenyeji waliwageukia wageni wao na kuwaua.

Chuki iliyofuata haikupoa. Wahispania, ambao miaka michache nyuma walikuwa wameshindwa na kuondoka, walirudi na kuikuta nchi imegawanyika. Mwaka 1542 walianzisha mji wa Mérida, na Waxiu wa Maní wakawa upande wao. Askari yeyote anajua kuwa ngome hubomoka kwanza kwa ndani.

MALI YA NANI?

Twarudi kwa Thompson. Vitu alivyovitoa alivipeleka Marekani, katika Jumba la Peabody, pasipo kutangaza. Habari zilipoenea katika miaka ya 1920, Wameksiko walikasirika sana. Mwaka 1926 serikali yao ililikamata shamba lake na kumshitaki. Thompson alifariki mwaka 1935 kabla shauri halijaisha. Mwaka 1944 Mahakama Kuu ya Meksiko iliamua kwamba, kwa sheria za wakati ule alipovitoa vitu hivyo, hakuwa amevunja sheria.

Sheria ilisema hivyo, lakini mioyo ya watu haikuridhika. Katika miaka ya 1970 Jumba la Peabody lilirudisha Meksiko sehemu ya vitu hivyo. Sehemu nyingine ingali Marekani. Meksiko yenyewe nayo ilikwisha kuendelea na uchunguzi. Mwaka 1960 na 1961 wazamiaji walitumia bomba la kunyonya tope, wakapata vitu vingi, lakini njia hiyo iliwatia wataalamu wasiwasi kwa sababu haikuonesha kila kitu kilikuwa kimelala wapi na karibu na nini. Mwaka 1967 na 1968 ilijaribiwa kupunguza maji kwa pampu, kisha kuyasafisha kwa dawa ili wazamiaji waone. Somo lililopatikana ni kwamba kuchimba bila kuandika ni kama kuchoma kitabu baada ya kukisoma nusu ukurasa.

Swali la nani mwenye mali hiyo si jepesi. Waliovitoa hawakuvitoa kwa jumba la makumbusho, wala kwa serikali yoyote. Walivitoa kwa mvua. Lakini kama kuna mtu mwenye haki ya kuvitazama kwanza, na kuwaonesha watoto wake bila kusafiri ng'ambo, bila shaka ni mjukuu wa yule aliyevitupa.

MVUA YA LEO

Mji wa Chichen Itza uliandikwa mwaka 1988 katika orodha ya Urithi wa Dunia, nao hupokea watalii kutoka kila pembe. Hakuna atupaye kitu kisimani. Lakini vijijini, wakulima wa Kimaya bado hutegemea mvua, na ikichelewa bado humwita Chaak. Tambiko hilo huitwa Ch'a Chaak.

Hujengwa madhabahu ya fito na majani. Mzee mwenye ujuzi, aitwaye h-men, huwaongoza wanaume wa kijiji katika dua. Hufukizwa sandarusi. Hutolewa mikate mikubwa ya mahindi iliyookwa chini ya ardhi, supu ya kuku, na kinywaji kiitwacho balché, ambacho hutengenezwa kwa asali na gome la mti. Katika dua hizo majina ya watakatifu wa Kikristo hutajwa pamoja na jina la mungu wa mvua, wala hakuna anayeona ajabu.

Na chini ya madhabahu huwekwa wavulana wadogo, mmoja katika kila pembe. Hawa ndio vyura. Kazi yao ni kulia kama vyura waliavyo wakati mawingu yanapokusanyika, ili Chaak asikie na kudhani kwamba mvua imekwisha kuanza. Pengine hucheka, na wazee huwakemea kidogo. Tambiko likiisha, mikate hugawanywa, watu wote hula, na vyura hao hupewa fungu lao.

Hivyo ndivyo ilivyobadilika sadaka ya Wamaya. Mvua inayoombwa ni ile ile, na sandarusi ni ile ile. Watoto nao bado wamo chini ya madhabahu, lakini jua linapotua hurudi nyumbani na mama zao.